Mwalimu Umejuaje

Padri alimbatiza Konsolata, na Konsolata ndilo jina lililoandikwa kwenye cheti chake cha ualimu. Lakini ungefika Hirbadaw miaka ile ya Mwingereza ukamuulizia Mwalimu Konsolata, watu wangekukodolea macho tu. Ungesema, "Namtafuta Mwalimu Umejuaje," hapo sasa! Hata kikongwe angeacha kukamua ng'ombe akuonyeshe njia. Jina hilo alipewa na watoto, na alilipata kihalali, maana hakuna siku iliyopita bila yeye kuwauliza hivyo.

Alizaliwa Tumati, kwa baba mkulima mwenye mahindi yake na ng'ombe wachache. Alipokuwa mdogo aliugua sikio la kushoto. Likatoa usaha msimu mzima wa mvua, na lilipokauka, usikivu wake nao ukawa umekwenda. Nyumbani hakuna aliyegundua. Shangazi yake alimwita akiwa upande wa kushoto, kimya. Akamwita tena, kimya. Shangazi akamfuata, kofi la mgongo, pwaa! "Mtoto mkaidi huyu!" Basi neno likamganda. Akawa mkaidi nyumbani, mkaidi kisimani, mkaidi shuleni kwa misheni, na cha ajabu ni kwamba mwenyewe aliamini. Alikuwa akikaa peke yake anajiuliza huo ukaidi unamjia saa ngapi, mbona hauoni ukija.

Aliyemkomboa ni nesi mmoja wa zahanati ya misheni, mama mnene asiye na haraka. Alimwita kwa kushoto, akamwita kwa kulia, akarudia tena na tena, kisha akapiga makofi na kusema, "Nani kasema huyu mkaidi? Huyu sikio moja halisikii!" Konsolata alilia mpaka macho yakavimba, na alilia kwa furaha, jamani, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Baadaye ikaja hasira. Watu wote wale, wakubwa kwa wadogo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza amejuaje kwamba mtoto ni mkaidi!

Ungetegemea kwamba tangu hapo angetembea akimwambia kila mtu habari za sikio lake. Wapi! Alipofika chuo cha ualimu alimwona mwenzake, msichana hodari kwa hesabu kuliko wote, akifungashwa virago kwa ajili ya jicho moja bovu. Mwalimu sharti awe mzima, waliambiwa. Konsolata akafunga mdomo. Akajifunza kukaa mwisho wa benchi upande wa kushoto, kusoma midomo ya watu, kugeuza shingo kidogo kama mwenye maringo. Akamaliza, akafaulu, akapewa kazi, na kila asubuhi alipoamka alijua kwamba siku wakubwa watakapojua habari za sikio lile, kazi imekwisha. Angefunga sanduku lake la bati na kurudi Tumati kulima.

Na kazi yenyewe aliipenda, aliipenda kweli! Walimpeleka Hirbadaw, shule ya udongo yenye chumba kimoja na nusu, mlima Hanang mbele yake na upepo usiojua adabu. Mwalimu Mkuu, Nicodemo, mtu wa makamo mwenye suruali fupi iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, alichukua darasa la pili. Konsolata akapewa la kwanza. Watoto wengi walikuwa wa wafugaji wa uwandani, wamekuja na harufu ya moshi na maziwa, Kiswahili chao cha kuhesabu kwa vidole. Wengine wachache walikuwa wa wenye maduka, kama Ayubu, mtoto wa Zubery wa Katesh aliyekuwa anakaa na mjomba wake hapo. Walikaa juu ya magogo.

Lori la Zubery ndilo lililoleta kitabu. Kimoja tu kwa darasa zima! Kilikuwa kitabu cha picha, kila ukurasa picha kubwa ya rangi na maneno machache chini yake. Mwalimu Mkuu alikipekua akakirudisha mezani. "Hiki cha kuchezea," alisema. "Wafundishe a, e, i, o, u." Lakini Konsolata alikuwa amekwisha kuona picha zile, na moyo ulikuwa unamdunda kama wa bibi harusi. Ndani ya picha mlikuwa na watu! Watu wamekasirika, watu wamejificha, watu wanagawana, watu wananyimana. Akasema moyoni, hapa ndipo nitakapowafundisha hawa watoto kumwangalia mtu kabla ya kumpachika jina.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Alifunika maneno kwa kiganja, akapita gogo kwa gogo akionyesha picha ya mzee na ng'ombe wake. "Mzee huyu ni mtu wa namna gani?" Hakuna aliyemtazama mzee. Watoto wa wafugaji wale! Macho yote kwa ng'ombe.

"Mwalimu, ng'ombe ana miguu mitatu!"

Kweli, mchoraji alikuwa amemchora ubavuni, mguu mmoja umejificha nyuma ya mwingine. Kelele zikaanza. Nani kamkata mguu? Fisi? Mtego? Wengine waliingiwa na huruma kabisa, mmoja alitaka kulia. Konsolata akajaribu kueleza kwamba mguu upo, umefichika tu. Wakamtazama kama anayewauzia mbuzi ndani ya gunia.

Kisha msichana mmoja akasimama. Jina lake Udahoda, binti wa Gidahosh, mfugaji mkubwa wa uwandani, mtoto mwembamba mwenye bangili za shaba na macho yasiyotulia. Tangu afike shuleni hakuwa ametoa hata neno moja. Akasema, "Mzee huyu ana huruma."

Konsolata akageuka haraka. "Umejuaje?"

"Ng'ombe ni kilema. Mtu mwingine angemchinja. Huyu hajamchinja." Akasogea akaweka kidole kwenye tumbo la ng'ombe. "Na amenona. Anamletea majani."

Lo! Konsolata alitamani kurukaruka. Ndiyo, mguu wa nne ulikuwepo, mtoto amekosea mguu. Lakini ameangalia! Ametoa neno la tabia, na ametoa ushahidi wake kutoka kwenye picha yenyewe, bila kuambiwa na mtu! Akampigia makofi, darasa zima likapiga makofi, Mwalimu Mkuu akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Jioni ile Konsolata alipika ugali ukaungua, akaula hivyohivyo akicheka peke yake.

Kuanzia hapo moto ukawaka. Kila asubuhi picha moja. Huyu mama ni mkarimu. Umejuaje? Chungu chake kimefunuliwa na vikombe ni vingi kuliko watu. Huyu kijana mwoga. Umejuaje? Miguu imeelekea nyumbani ingawa uso umeelekea kwa simba. Ee Mungu wangu, miguu! Yeye mwenyewe alikuwa hajaiona hiyo miguu! Halafu aliwafundisha jambo lingine: ukishasema, funua ukurasa unaofuata, na ukikuta umekosea, badilisha neno lako mbele ya watu bila kuona haya. "Jicho lina haki ya kurudi," aliwaambia, na watoto wakaupenda mchezo huo kuliko kuruka kamba. Wakati wa somo walisogeza magogo yao wote upande wa mlango, wakabanana kama vifaranga, upande wa dirisha ukabaki mtupu. Konsolata aliwafokea mara kwa mara, "Mnaota jua, wavivu ninyi!" Lakini hawakurudi, naye akachoka kuwafokea, akawaacha.

Tatizo la watoto ni kwamba hawaachi somo shuleni. Walilibeba nyumbani.

Asubuhi moja Gidahosh alitokea mlangoni, shuka begani, fimbo mkononi, amevimba kwa hasira. Konsolata akainama kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema kwa shida, maana marahaba hainyimwi mtu hata ukiwa na hasira gani. "Nimekuja kumchukua mtoto wangu. Na wenzangu watakuja kuchukua wa kwao. Shule hii inaharibu watoto."

"Kumetokea nini, mzee?"

"Mtoto ameniuliza mimi nimejuaje!" Akaigonga fimbo chini. "Mimi! Baba yake! Niko na wageni, nasema jirani yangu Sebastiani ni mchoyo. Huyu anasimama mbele ya wageni, 'Baba, umejuaje?' Wageni wakashika vinywa."

Konsolata alipiga hesabu. Watoto wa uwandani wakiondoka, darasa litakuwa na Ayubu na magogo. "Nisamehe, mzee. Ulimjibu nini?"

Gidahosh akatazama mlima. Akakohoa. "Nilikosa la kumjibu. Usingizi ukanikimbia. Kulipokucha nikaenda kwa huyo Sebastiani nimwombe maziwa, aninyime, nipate ushahidi."

"Ikawaje?"

"Akanipa!" alinguruma Gidahosh. "Kibuyu kizima! Na mtindi juu yake! Sasa nitamwambia nini mtoto?"

Konsolata aliuma mdomo asicheke, ikashindikana. Kicheko kilimtoka puani. Akajua amekwisha. Lakini mzee naye mashavu yakaanza kumcheza, na punde wote wawili walikuwa wamejishika mbavu mlangoni pale, watoto wamewakodolea macho.

Walipotulia, Gidahosh akafuta macho kwa shuka. "Hata hivyo ni utovu wa adabu," alisema. "Mtoto hamuulizi mkubwa hivyo, kama anamuuliza mchunga mbuzi mwenzake."

"Ni kweli, mzee. Kosa ni langu, niliwafundisha swali, sikuwafundisha njia yake. Wewe ungetaka akuulize vipi?"

Mzee akafikiri. "Asimame. Aseme shikamoo. Angoje marahaba. Mkubwa akishaitikia, basi, amempa ruhusa. Hapo na aulize."

Wakakubaliana hivyo. Konsolata akalifundisha darasa zima siku ileile, na Gidahosh akakaa juu ya gogo kuhakikisha. Kuanzia hapo Hirbadaw nzima ilisikika shikamoo, marahaba, umejuaje. Wazee wengine walianza kunyamaza kwanza kabla ya kumsema mtu, maana hujui mtoto gani yuko nyuma ya boma.

Ndipo dereva wa Zubery alipoleta habari kwamba mkaguzi anakuja kutoka Mbulu. Jina lake Bwana Alfredi, mwenyeji wa kwetukwetu aliyesoma sana, mkali, anavaa tai hata kwenye vumbi. Neno lake moja lilitosha kumbakiza mwalimu au kumwondoa. Mwalimu Mkuu akapiga pasi suruali mbili. Konsolata akafagia darasa, akapaka kuta udongo mweupe, na kiti cha mkaguzi akakiweka upande wa mlango, upande wake wa kulia, akakijaribu kwa kukaa na kuzungumza peke yake. Sauti ingefika. Akapumua.

Siku yenyewe wazazi walijaa nje, Gidahosh mbele kabisa. Bwana Alfredi akaingia, watoto wakasimama, shikamoo ikatikisa ukuta. Kisha Mwalimu Mkuu, kwa ukarimu wake, akanyakua kile kiti. "Hapa mlangoni vumbi, bwana. Karibu dirishani, kuna hewa." Akakiweka kushoto.

Konsolata aliona. Lakini angesema nini? Akafungua kitabu.

Picha ya siku hiyo ilikuwa ya mvulana amesimama mbele ya mama yake. Mezani pana bakuli la sukari. Mvulana ameinamisha macho, mikono ameiweka nyuma. Konsolata alifunika maneno ya chini kwa kiganja kama kawaida. Bwana Alfredi alikuwa na nakala yake magotini, na ile haikufunikwa. Chini ya picha paliandikwa: Mwizi wa sukari.

"Haya, watoto wangu. Mvulana huyu ni mtu wa namna gani?"

Mikono ikaruka juu, msitu mzima!

"Ana heshima!"

"Umejuaje?"

"Hamkodolei macho mama yake, ameinama."

"Amesimama, hajakaa mbele ya mkubwa!" akadakia Ayubu.

"Mikono ameiweka nyuma. Sukari ipo na haigusi!"

Nje wazazi wakanong'ona kwa kuridhika. Huyo ndiye mtoto, walisema, angepatikana mmoja kama huyo! Konsolata alikuwa amewaka. Walikuwa wamekosea, na walikuwa wamekosea vizuri sana, kila jibu na ushahidi wake, na yeye alikuwa na ukurasa unaofuata tayari chini ya kidole, akiungojea kama mtu anayengoja kupakua pilau.

Kule dirishani Bwana Alfredi akasema, "Mwalimu, wasahihishe hao."

Konsolata aliendelea kuwaitikia watoto kwa kichwa. "Vizuri sana! Nani ameona kingine?"

"Mwalimu. Jibu lao siyo. Wasahihishe."

"Enhe, wewe wa nyuma, sema!"

Mwalimu Mkuu alikohoa. Mkaguzi akaita mara nyingine, na upepo ukalibeba neno lake likaenda zake. Hapo Bwana Alfredi akasimama, kiti kikaanguka, akapaza sauti mpaka wazazi wakashtuka.

"Mwalimu huyu ni mkaidi!"

Hilo lilimfikia. Lilimfikia barabara, lile neno lenyewe, lililomfuata kutoka Tumati, likavuka vilima na kumkuta hapa mbele ya watoto wake. Konsolata akageuka. Alijua mara moja kilichotokea, na alijua kwamba ana njia mbili tu, na zote zinafika kwenye sanduku la bati. Akinyamaza, ataondoka kwa ukaidi. Akisema ukweli, ataondoka kwa sikio.

Hapo gogo likalia. Udahoda alikuwa amesimama. Alinyoosha gauni, akaunganisha mikono, kama baba yake alivyoagiza.

"Shikamoo, bwana mkaguzi."

Bwana Alfredi alikuwa bado anatweta. Lakini shikamoo ni shikamoo. "Marahaba," alisema.

"Umejuaje?"

Mwalimu Mkuu alishika kichwa kwa mikono miwili. Nje mtu alisema "Yalaa!" Mkaguzi alimtazama mtoto, akawatazama wazazi, akaona kwamba kila mtu, hata wazee, anangoja jibu lake kwa utulivu kabisa, kana kwamba ndivyo mambo yanavyoendeshwa hapa.

"Nimemwita hakuitika," alisema. "Nimemwita tena hakuitika. Huo si ukaidi?"

Udahoda akatikisa kichwa taratibu. "Hapana, bwana. Umemwita upande mbaya. Sikio lile la mwalimu halisikii."

Konsolata alitamani ardhi ipasuke. Limetoka. Miaka yote ya kugeuza shingo, ya kusoma midomo, ya kukaa mwisho wa benchi, na limetolewa hadharani na mtoto wa darasa la kwanza. Akashika ukingo wa meza.

Bwana Alfredi akamgeukia mtoto. "Na wewe," alisema, kisha akasita, maana alisikia mwenyewe anachotaka kusema. "Na wewe umejuaje?"

Mikono ikaruka juu. Yote!

"Ukimwita kwa dirishani hageuki, ukimwita kwa mlangoni anageuka!"

"Kitabu anakishika upande ule, sikio hili analileta kwetu."

"Upepo ukivuma anatutazama midomo."

"Nyuki!" alipiga kelele Ayubu. "Nyuki alimzunguka sikio lile, vuuuu, hakushtuka! Akahamia huku, mwalimu akaruka na chaki!"

Darasa likacheka kwa kumbukumbu ya siku hiyo. Bwana Alfredi hakucheka bado. "Mmejua tangu lini?"

"Zamani," alisema Udahoda. Akaonyesha magogo yaliyobanana upande wa mlango. "Ndiyo sababu tunakaa huku."

Konsolata aliyatazama magogo. Akautazama upande wa dirisha, mtupu, kama ulivyokuwa mtupu miezi yote ile. Kumbe hawakuwa wanaota jua! Amewafokea, amewaita wavivu, na wao wakanyamaza, wakazidi kubanana, kwa sababu huku ndiko mwalimu wao anakosikia. Machozi yakamtoka mbele ya mkaguzi, mbele ya wazazi, wala hakujali kuyafuta.

Bwana Alfredi alimwangalia mwalimu. Kisha akawageukia watoto, na sauti yake ilikuwa ya kupima. "Haya. Mtu asiyesikia sikio moja, hiyo ni tabia gani?"

Watoto wakatazamana. Swali lilikuwa la ajabu. Udahoda akakunja uso kama anayemwonea mgeni huruma.

"Hiyo si tabia, bwana," alisema. "Hilo ni sikio."

Kicheko kilianza kwa Gidahosh mlangoni, kikaingia ndani, kikamfikia Mwalimu Mkuu, na mwisho kabisa kikamshinda Bwana Alfredi mwenyewe, akacheka mpaka akalegeza tai. Akainama, akaokota kiti chake, akavuka darasa nacho na kukiweka upande wa mlango, katikati ya magogo.

"Endelea, mwalimu," alisema, upande wa kulia. "Nasikia kuna ukurasa unaofuata."

Konsolata akafunua. Mvulana ameileta mikono mbele, na ndani ya viganja, sukari tele!

"Mwiziii!" Darasa likalipuka. Wengine walianguka chini kwa kicheko, wengine walimwonea aibu yule mvulana, Ayubu alidai alikuwa ameshuku tangu mwanzo, akazomewa. Wote wakabadilisha neno lao, mmoja mmoja, kwa sauti, kama walivyofundishwa. Bwana Alfredi alingoja mpaka wa mwisho akamaliza, kisha akanyoosha mkono juu kama wao.

"Mwalimu," alisema, "na mimi nabadilisha langu."

Alipotoka nje alimwambia Mwalimu Mkuu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kwamba mwalimu huyu anabaki hapahapa, na kile kiti kisiwekwe dirishani tena. Kazi haikuisha. Alifundisha Hirbadaw miaka mingi baadaye, na waliofundishwa naye wakaleta watoto wao.

Lakini jambo analolikumbuka zaidi ni la jioni ile, wakati wa kufunga shule. Gidahosh alikuwa anampita njiani na ng'ombe wake, upande wa kushoto. Konsolata hakumsikia. Mzee hakumwita. Alisimamisha kundi zima, akazunguka mbele yake kwa hatua zake za polepole, akaja akasimama upande wa kulia, na hapo ndipo aliposema, "Mwalimu, habari za kutwa?"

"Shikamoo, mzee," alisema Konsolata.

"Marahaba," alijibu Gidahosh, akarudi kwa ng'ombe wake. Tangu siku hiyo watu wote wa Hirbadaw walimsalimia hivyo, na mgeni aliyeuliza kwa nini wanamzunguka mwalimu kwanza aliambiwa akae siku mbili tatu, aangalie mwenyewe.